Mfongo Una Mchimbaji, Mchanga Mweusi Hauna: Je, Ruwaza za Asili Zinamtaja Msanifu?

Jumapili moja mwaka huu, watu wakiwa bado wanapeana mikono nje ya kanisa hapa Moshi, kijana mmoja anayesoma chuo kikuu alinisalimu, akanivuta kando chini ya mjakaranda na kunionyesha video kwenye simu yake. Ilikuwa michoro ya kompyuta ya mkia wa bakteria: uzi mrefu uliojisokota, kiungio kilichopinda kama kiwiko, na chini yake, ndani ya ukuta wa seli, pete juu ya pete zikizunguka kama mota ya pampu ya maji. Alisubiri mpaka ikaisha, kisha akauliza kwa sauti ya mtu ambaye jibu analo tayari: "Mwalimu, na hii nayo ilijitengeneza yenyewe?"

Nimefundisha biolojia kwa miaka mingi na swali hilo nimeulizwa kwa namna nyingi, lakini sijawahi kuliona kuwa la kupuuzwa. Kijana huyu hakuwa anatafuta ubishi. Alikuwa ameona jambo la ajabu kweli kweli, na mtu asiyeshangazwa na mota inayozunguka mamia ya mara kwa sekunde moja ndani ya kiumbe kisichoonekana kwa macho sijui atashangazwa na nini. Nilimwambia kwamba jibu la kusimama mlangoni lingemdhulumu, nikamwomba muda. Makala hii ni sehemu ya jibu nililomwahidi.

Kwanza swali lake litenganishwe na maswali mengine yanayoandamana nalo. Hakuuliza kama Mungu yupo, wala hakuuliza kama viumbe wamebadilika tangu zamani. Aliuliza kama ruwaza tunayoiona katika asili, yaani mpangilio, ulinganifu na sehemu zinazotegemeana, inatosha peke yake kutuonyesha kwamba iko akili iliyoipanga. Msimamo wangu ni kwamba kumtambua msanifu kwa kazi yake ni jambo linalowezekana, na tunalifanya kila siku. Lakini kinachotuwezesha ni yale tunayoyajua tayari kuhusu mtengenezaji, zana zake, haja zake na mipaka yake, pamoja na yale tunayoyajua kuhusu uwezo wa asili ikiachwa peke yake. Ukiyaondoa hayo, ruwaza hubaki bubu, na sisi ndio tunaoisemea.

Chukua mfano wa mfongo, mfereji wa asili wa Wachagga ambao kwa karne nyingi umeshusha maji ya Mlima Kilimanjaro hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani. Mgeni akipita kwa haraka anaweza kuudhani kijito. Lakini mtu aliyekulia Kibosho au Old Moshi hahitaji kuambiwa. Kijito hufuata bonde na kushuka moja kwa moja kadiri ardhi inavyoruhusu, ilhali mfongo hukata ubavu wa mlima, hukumbatia mteremko, hushuka kidogo kidogo mno ili maji yasile kingo wala yasisimame na kutuama tope. Ukiufuata kwa kupanda, utafika kwenye banio mtoni, mawe yamepangwa na nafasi zake zimezibwa kwa matope na majani. Ukiufuata kwa kushuka, utaona unagawanyika na kuingia kwa watu, kila tawi na zamu yake. Hapo hakuna anayetia shaka kwamba mtu alichimba.

Swali ni kwa nini hatutii shaka. Tunajua binadamu wanahitaji maji ya migomba na mbege. Tunajua wana majembe, na jembe huacha alama ya namna gani katika udongo. Tunajua koo zilizokuwa zikitoa watu wa kuchimba na wazee waliokuwa wakigawa zamu. Upande wa pili tunajua tabia ya maji: hayajawahi kuonekana yakipanda ubavu wa kilima yenyewe ili yamfikie mwenye shamba. Hitimisho letu limesimama juu ya maarifa ya pande zote mbili, na linaweza kuhojiwa, kwa sababu ukisema mtu alichimba, nami ninaweza kukuuliza ni lini, kwa zana gani, na udongo alioutoa aliutupa upande upi. Maswali hayo yana majibu.

Hata pale penye mikono ya binadamu bila ubishi, ruwaza inaweza kutudanganya kuhusu aina ya akili iliyokuwa kazini. Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa mkoani Arusha, kuna mabaki ya mashamba yaliyojengwa kwa mawe na kunyweshwa kwa mifereji, takriban hekta 2,000, yaliyolimwa kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18. Ukiyatazama kutoka juu utaapa kwamba mhandisi mmoja alikaa chini akachora ramani yote. Uchimbaji wa wanaakiolojia umeonyesha picha tofauti, ya mfumo uliokua hatua kwa hatua, kipande kikiongezwa kwenye kipande. Akili zilikuwepo, nyingi, lakini umbo la jumla huenda halikuwahi kuwa kichwani mwa mtu yeyote.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na methali hiyo ina elimu ya kutosha kuhusu namna tunavyosoma dalili. Wingu ni dalili ya mvua kwa sababu tumeona mawingu mengi na mvua nyingi, na tumejifunza kipi hufuatana na kipi. Sisi wa Moshi tumejifunza zaidi ya hapo: wingu linalofunika Kibo karibu kila siku si ahadi ya mvua mjini.

Mfano maarufu wa saa, uliotolewa na mchungaji wa Kiingereza William Paley mwaka 1802, una nguvu na udhaifu katika jambo hilo hilo. Paley alisema kwamba mtu akikuta saa imelala nyikani atajua ina mtengenezaji, tofauti na jiwe. Na kwamba jicho na viungo vya viumbe vimepangika kuliko saa, kwa hiyo navyo vina Mtengenezaji. Ni hoja iliyoandikwa kwa upendo mkubwa wa viumbe, na Charles Darwin mwenyewe, aliyekuja kueleza jinsi viumbe walivyobadilika kidogo kidogo, akiwa mwanafunzi aliisoma kwa furaha. Lakini miaka 23 kabla ya Paley, katika maandishi ya mwanafalsafa wa Uskoti David Hume yaliyochapishwa mwaka 1779, swali la kuitikisa lilikuwa limekwisha kuulizwa: saa tunajua zinatoka kwa mafundi kwa sababu mafundi tumewaona, ulimwengu tumeona mmoja tu, na hatukuwepo ulipofanyizwa.

Katika zama zetu hoja imerudi ikiwa na hesabu na mikroskopu. Mwaka 1996 Mmarekani Michael Behe, mtaalamu wa biokemia, alidai kwamba kuna mashine ndani ya seli ambazo ukiondoa sehemu moja hazifanyi kazi kabisa, kwa hiyo haziwezi kuwa zilijengeka kidogo kidogo. Mkia wa bakteria ndio uliokuja kuwa mfano wake mashuhuri. Mwaka 1998 Mmarekani mwingine, mwanahisabati William Dembski, alitoa utaratibu wa kuchuja: ukikuta tukio, jiulize kwanza kama linaelezwa na kanuni za asili, kama sivyo, jiulize kama ni bahati, na kama uwezekano wa bahati ni mdogo mno huku tukio lina mpangilio unaoeleweka, basi ni usanifu. Mwaka 2005 mahakama ya shirikisho huko Pennsylvania iliamua kwamba fundisho hilo la usanifu halipaswi kuingizwa katika somo la sayansi la shule za umma. Uamuzi huo nautaja na kuupita, kwa maana hakimu hawezi kutuamulia kama hoja ni sahihi. Chujio lenyewe ndilo linalostahili kupimwa, na sisi wa kaskazini mwa Tanzania tuna vitu vya kulipimia karibu na nyumbani.

Karibu na Oldupai, ndani ya Ngorongoro, kuna tuta la mchanga mweusi lililosimama peke yake katika tambarare. Majivu yake yalitoka Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano. Lina umbo la hilali, safi kana kwamba limekatwa kwa kisu, urefu wa karibu mita 100 na kimo cha karibu mita 9. Ukiteka mchanga wake kwa mkono na kuurusha juu, chembe hushikana na kurudi chini, kwa kuwa zina asili ya sumaku. Na tuta zima hutembea: kila mwaka husogea upande wa magharibi kiasi cha mita 15 hadi 17, likihifadhi umbo lake, likiacha nyuma vibao vinavyoonyesha lilipokuwa miaka iliyopita. Kitu chenye umbo kamili, kinachosafiri kwa mwelekeo mmoja, kisichotawanyika: mtu asiyejua habari za upepo na mchanga atakuwa na haki ya kuuliza nani anakisukuma.

Ila habari hizo zinajulikana. Upepo wa mashariki huzoa chembe mgongoni mwa tuta na kuzimwaga upande wa pili, na kwa kuwa pembe zake ni nyembamba kuliko kiini, hukimbia mbele ya kiini, ndipo hilali inapotokea. Hilali ikiharibika kidogo hujirekebisha. Wamasai wamelitazama tuta hili kwa heshima tangu zamani, na heshima hiyo haipungui hata chembe kwa kujua jinsi upepo unavyofanya kazi. Mimi mwenyewe nimesimama pembeni yake, nikasikia mchanga ukiteleza upande wa kivuli, nikahisi kitu ambacho sina neno lake isipokuwa unyenyekevu. Ila unyenyekevu wangu haukuwa ushahidi wa msanifu, na kama ningeutumia hivyo ningekuwa nimekosea kuhusu mchanga.

Kosa la aina hii limewahi kuwajaribu hata watu makini sana. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu huko Cambridge, Uingereza, aliona katika karatasi za darubini ya redio mapigo yanayojirudia kila sekunde 1.337, kwa usahihi wa kutisha. Hakuna nyota iliyokuwa ikijulikana kufanya hivyo. Wenzake wakaupa mdundo huo jina la utani lenye maana ya watu wadogo wa kijani, na kwa muda wazo la viumbe wenye akili lilikuwa mezani. Kisha Bell akapata chanzo cha pili, upande mwingine kabisa wa anga, na wazo hilo likafa: chanzo kilikuwa aina ya nyota isiyojulikana bado, nyota ya nyutroni inayozunguka. Kwa chujio la Dembski, siku ile ya kwanza, mapigo yale hayakuwa na kanuni inayoyaeleza wala hayakufanana na bahati. Yangepita moja kwa moja hadi kwenye kapu la usanifu. Na hapo ndipo udhaifu wa chujio unapoonekana, kwa sababu kapu la mwisho hujazwa na vile tusivyovijua bado, na kutokujua kwetu si alama iliyomo ndani ya kitu.

Sasa twende Oldupai kwenyewe, maana pale ndipo kazi ya kumtambua mtengenezaji imefanywa kwa uangalifu kuliko mahali pengi duniani. Kila mtoto wa shule wa Tanzania amesikia habari za fuvu la zamadamu aliloliona Mary Leakey mwezi Julai 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Wachache huambiwa kwamba yeye na mumewe Louis walivutwa na mawe kwa miaka mingi kabla ya fuvu lile. Jiwe la Oldupai ukilishika mkononi halina uzuri wowote. Ni kokoto kubwa kama ngumi, upande mmoja limebaki laini kama lilivyosuguliwa na mto, upande mwingine limemeguliwa mara tatu au nne hadi likapata makali. Linafanana kabisa na jiwe lililovunjika. Mtu angewezaje kusema kwamba liligongwa na mkono wenye nia?

Jibu lilipatikana kwa kuchunguza mambo mengi kwa pamoja. Kipande kinachomeguka kwa pigo kali huwa na uvimbe mdogo chini ya pale palipopigwa na mawimbi yanayosambaa kutoka hapo, kama yale ya kidimbwi kilichotupiwa changarawe. Makovu yanapofuatana upande mmoja, kila pigo likitumia ukingo ulioachwa na pigo lililotangulia, bahati ya mto huanza kuwa maelezo dhaifu. Kisha kuna asili ya jiwe lenyewe: mawe mengi yaliyokutwa katika tabaka za udongo laini wa ufuko wa ziwa la kale si ya pale, yalitoka katika vilima kama Naibor Soit, kilometa kadhaa kutoka hapo, na hapakuwa na mto wenye nguvu ya kuyabeba bila kubeba na mengine. Kuna mifupa ya wanyama yenye mikwaruzo ya makali hayo hayo. Kuna mifupa ya zamadamu wenyewe katika tabaka zile zile. Na kuna wataalamu waliokaa chini wakagonga mawe wao wenyewe, maelfu ya mapigo, mpaka wakajua mkono unaweza nini na hauwezi nini.

Angalia kwamba katika orodha hiyo yote, umbo la jiwe ni sehemu ndogo tu ya ushahidi. Na hilo Louis Leakey mwenyewe alilipata kwa uchungu. Kuanzia mwaka 1964 alisimamia uchimbaji huko Calico, katika jangwa la Mojave, California, akiamini amepata zana za watu wa kale sana kupita wote waliojulikana Amerika. Mawe yalikuwa na makali, yalikuwa na makovu, baadhi yalipendeza kuliko ya Oldupai. Lakini yalitolewa katika changarawe iliyoporomoshwa na mafuriko, palipokuwa na mamilioni ya mawe yanayogongana, na kati ya mamilioni hayo ukichagua mazuri tu utapata unachotaka. Hapakuwa na mifupa iliyokatwa wala jiwe la ugenini. Wanajiolojia wengi waliofika hawakukubali, na Mary, mke wake, hakukubali. Ni mtu yule yule, jicho lile lile lenye uzoefu kuliko la yeyote aliye hai wakati huo, na ruwaza ile ile. Kilichokosekana ni vile vyote vinavyoizunguka ruwaza.

Mwaka 2016 likaja jambo lililowafanya wanaakiolojia wajikague upya. Watafiti walieleza kwamba kima wa aina ya kapuchini katika hifadhi ya Serra da Capivara nchini Brazili hugonga jiwe juu ya jiwe, na katika kugonga huko humegua vipande vyenye makali vinavyofanana sana na vya zamadamu. Kima hao hawavitumii vipande hivyo. Hulamba vumbi la jiwe na kuendelea na shughuli zao. Kwa hiyo kipande chenye makali chaweza kutokea bila nia yoyote ya kutengeneza makali. Wanaakiolojia hawakuitupa Oldupai kwa sababu hiyo, wala hawakupaswa, kwa kuwa hoja yao haikuwa imesimama juu ya makali peke yake. Lakini walikiri kwamba alama moja waliyoiamini imepungua thamani. Hivyo ndivyo elimu ya kumtambua msanifu inavyopaswa kuishi, ikiwa tayari kupoteza alama zake.

Nimeikawiza safari hii makusudi, kwa sababu mara nyingi watetezi wa usanifu husema: mbona wanaakiolojia hutambua akili kwa ruwaza, kwa nini sisi tukatazwe? Hawakatazwi. Wanaombwa walete vitu vile vile. Yule aliyetengeneza mkia wa bakteria alikuwa na uwezo gani na mipaka gani? Alifanya kazi lini? Alitumia zana gani, na ziliacha alama ipi? Kwa nini alitaka bakteria waogelee, wakiwemo wale wanaotuua? Anayejibu kwamba msanifu huyo aweza chochote, wakati wowote, kwa sababu yoyote, ametoa jibu ambalo mwamini anaweza kulikiri kwa moyo wote, nami nalikiri, lakini halichagui kati ya jambo hili na lile. Mwenye uwezo wote angeweza kuumba bakteria wenye mkia na wasio na mkia, na kwa kweli wote wapo.

Kuhusu mkia wenyewe, hoja kwamba haufanyi kazi ukipungukiwa na sehemu moja ni kweli kwa kazi ya kuogelea, lakini sehemu za mashine zaweza kuwa na kazi nyingine. Sehemu ya chini ya mota hiyo inafanana sana na kifaa ambacho bakteria wa tauni na wa salmonela hukitumia kuchoma protini zao ndani ya seli za mwili wetu. Wataalamu wamebishana ni kipi kilitangulia, na wengi sasa huona kwamba kifaa cha kuchoma kilitokana na mkia na si kinyume chake. Hata hivyo kifaa hicho kinaonyesha kwamba mashine iliyopungukiwa sehemu nyingi haikosi kazi. Tena, ukilinganisha bakteria wa aina mbalimbali utakuta sehemu nyingi zinazoonekana za lazima kwa mmoja hazipo kabisa kwa mwingine anayeogelea vizuri tu. Historia yote ya mkia huo haijaandikwa. Sioni kwa nini pengo hilo liitwe jina la Mungu.

Kitu kinachonishawishi zaidi kuliko bakteria kipo juu ya vichwa vyetu. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Barranco atakuwa ameiona misenesio, mimea mirefu kuliko mtu, shina nene kama gunia lililosimamishwa, juu yake kichane cha majani kama kabichi kubwa. Majani yakifa hayaanguki. Hubaki yamelivaa shina kama blanketi na kulikinga na baridi. Usiku majani mabichi hujikunja kuufunika moyo wa mmea, asubuhi hufunguka. Katika nchi ambapo mchana jua linachoma na usiku maji yanaganda, huwezi kubuni vazi bora zaidi. Maelfu ya kilometa kutoka hapa, katika milima ya Andes ya Kolombia na Venezuela, kuna mimea iitwayo espeletia, na ukiiweka picha yake kando ya picha ya Barranco wapagazi wetu wenyewe wanaweza kutatizika: shina lile lile, blanketi lile lile la majani makavu, kichane kile kile.

Kama ruwaza ndiyo alama ya msanifu, basi hapa tungetazamia fundi mmoja aliyetumia mchoro mmoja mahali pawili. Vinasaba vinasema vingine. Ingawa yote miwili imo katika familia moja pana ya mimea, matawi yake yalitengana zamani sana, na espeletia iko karibu zaidi na alizeti kuliko ilivyo karibu na misenesio yetu. Ndugu halisi wa msenesio wa Kilimanjaro yuko Mlima Meru, na mwingine yuko Mlima Kenya, na wengine Ruwenzori. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba ukoo huu ulianza Kilimanjaro yapata miaka milioni moja iliyopita, kisha ukaenea mlima hadi mlima, ukianza na jirani yetu Meru. Umbo linafuata baridi. Undugu unafuata njia ambayo mbegu zingeweza kusafiri. Mtu aliyejua jiografia tu, bila kuuona mmea, angekisia undugu huo sawasawa. Aliyejua tu kwamba kuna msanifu asingekuwa na pa kuanzia.

Hapa lazima niwe mwaminifu kwa upande wa pili, kwa kuwa wapo wanaomtetea Darwin kwa hoja mbovu. Hupenda kumtaja twiga, mnyama wa taifa letu, ambaye neva ya koo lake hutoka kichwani, hushuka shingo yote hadi karibu na moyo, huzunguka mshipa mkubwa wa damu, kisha hupanda tena shingo yote kufika kwenye zoloto, mita kadhaa za safari kwa umbali wa sentimeta chache. Husema: hakuna Mungu mwenye akili angefanya hivi. Wamejuaje? Anayesema "Mungu asingefanya hivi" na anayesema "Mungu pekee angefanya hivi" wote wawili wanadai kuzijua nia ambazo hawajaonyeshwa. Hoja ya kweli ya neva ile ni nyingine. Njia hiyo hiyo ya kuzunguka tunaikuta kwetu na kwa mbwa, na kwa samaki, wasio na shingo, neva inayolingana nayo hupita moja kwa moja kuelekea matamvua. Twiga, kama sisi, ana pingili saba za shingo. Zilirefuka pingili, na neva ikaburutwa nazo. Ni alama ya njia iliyopitwa, kama makovu yanayofuatana kwenye jiwe la Oldupai.

Na kama tutasoma usanifu katika ukamilifu, basi tusome na ukamilifu unaotuumiza. Hakuna mashine iliyopangika kuliko kijidudu cha malaria, kinachojua ini, kinachojua chembe ya damu, kinachojua mate ya mbu. Watu wa Kahe na wa mashamba ya mpunga ya Moshi chini wanakifahamu kwa homa za watoto wao. Behe aliandika mwaka 2007 kwamba usugu wa malaria dhidi ya dawa ya klorokwini ni jambo gumu mno kutokea kwa mabadiliko ya kawaida, akalitumia kuweka mpaka wa uwezo wa asili. Ni kweli kwamba ni nadra. Usugu uliotufikia Afrika ulitoka Asia ya Kusini-Mashariki. Lakini ulitokea, zaidi ya mara moja, katika mabara tofauti, na sisi tuliacha klorokwini mwaka 2001 tukahamia dawa ya SP, na mwaka 2006 tukahamia dawa mseto. Malawi iliyoacha klorokwini mwaka 1993 iliona baada ya miaka kadhaa vijidudu visivyo sugu vikirudi na kutawala. Dawa ikiwepo, umbo moja hustawi. Dawa ikiondolewa, jingine hurudi. Sitaki kuambiwa kwamba kila hatua ya mchezo huo ilihitaji mkono wa msanifu, na nashangaa mwamini mwenzangu anapotaka kuambiwa hivyo.

Maana nasema haya kama mtu anayesali. Mtunga zaburi aliposema mbingu zinahubiri hakuwa anatoa hitimisho la maabara. Alikuwa tayari anamjua Yeye aliyemwimbia, na mbingu zikamkumbusha. Jirani zangu Waislamu husoma ishara katika usiku na mchana kwa namna hiyo hiyo. Imani inayongoja bakteria wakose maelezo ni imani iliyokodi nyumba katika ujinga wetu, na kila utafiti unapochapishwa kodi hupanda. Nimewaona vijana wazuri wakitoka hapa na imani ya namna hiyo, wakafika chuo, wakasomeshwa mwezi mmoja tu biolojia ya molekuli, wakadhani wamempoteza Mungu, kumbe wamepoteza hoja ya mtu.

Lipo swali kubwa zaidi, la kwa nini kuna kanuni za asili kabisa, na kwa nini zina viwango vinavyoruhusu nyota na mimea. Hilo nalo huitwa usanifu, lakini si swali la ruwaza ndani ya asili, ni swali kuhusu asili yenyewe, na hatuna ulimwengu wa pili wa kulinganisha. Nina jibu langu, la sala na si la ubao.

Wiki mbili baada ya ile Jumapili nilimchukua yule kijana tukapanda kufuata mfongo mmoja, tukiwa na mzee anayesimamia zamu za maji. "Shikamoo babu," kijana alisema. "Marahaba, mjukuu wangu," mzee akaitikia, akatangulia na jembe lake begani. Tulipofika mahali ambapo mfongo unaliepuka jabali kwa mkunjo mzuri, mpole, maji yakipita bila kula ukingo, kijana alisimama akasema hapa ndipo inapoonekana kazi ya fundi hasa, hapa mtu alipima. Mzee alitazama mkunjo ule kwa muda.

"Hapo hakuchimba mtu," alisema. "Sisi tulipitisha juu kule, unaona lile handaki lenye majani. Maji ya El Nino, yale ya 98, yakapasua yakapita hapa. Tukaona yanapita vizuri kuliko tulivyoyapitisha, tukayaacha. Tuliongeza mawe pale chini tu."

Kijana alichuchumaa, akaingiza mkono majini, akaanza kuyatafuta mawe hayo kwa vidole, akipapasa lipi limepangwa na lipi limeletwa na maji.